Usiku wa Saa Nane Mchana

Haya ninayoyasimulia hayakutokea zamani wala kale. Yalitokea Alhamisi, na wengi wenu mlikuwepo, ila mmeombwa msikumbuke. Mimi sina ugomvi na mtu. Ni karani wa daraja la tatu katika Wizara ya Nuru na Hafla ya Jamhuri ya Tupo, nchi ambayo ukimwuliza mwananchi wake hali yake, anakujibu kwa jina la nchi. Kazi yangu ni kuandika barua, kuzifaili, kisha kuzitafuta nilizozifaili. Siasa siijui. Nikikosea mahali mnisamehe, na nikipatia mniache hivyo hivyo.

Mwaka huu Tupo ilipata saa yake ya mkononi. Ilikuwa ya dhahabu, mkanda wa ngozi ya mamba, na jina lake Majira. Iliundwa ng'ambo na kuingizwa nchini na Kampuni ya Majira, ambayo ni mali ya watu binafsi kabisa wanaoishi Ikulu. Waziri wetu, Mheshimiwa Fikirini Mabruki, alituita wafanyakazi wote, sisi kumi na wanne pamoja na mpika chai, akatueleza ubora wake.

"Tangu tupate uhuru," alisema, "tumekuwa tukisema saa mbili huku mshale unaonyesha nane. Tunasema saa sita, mshale uko kwenye kumi na mbili! Ndugu zangu, huu ni ukoloni wa mkononi. Kila Mtupo anasema hivi, mkono wake unasema vile. Sasa basi! Majira ni saa ya kwanza duniani ambayo mshale wake unasema anachosema mwenye saa."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mpika chai peke yake aliinua mkono, akauliza kama hawezi kuirudisha nyuma saa yake ya zamani kwa saa sita, ikawa sawasawa na hiyo. Alihamishiwa Wizara ya Mifugo jioni ile ile, na tangu hapo chai ya ofisini haina tangawizi.

Bei ya Majira haikutangazwa. Mheshimiwa alisema anayeuliza bei si mlengwa.

Kilichotangazwa ni uzinduzi. Saa ya namna hii haizinduliwi kwa keki na utepe. Mafundi wa ng'ambo wangeleta droni elfu nne, kila moja na taa yake tumboni, zipae juu ya Uwanja wa Shukrani na kuchora mbinguni kwa mwanga. Kwanza ungetokea uso wa Mtukufu Rais ukitabasamu, kisha Majira yenyewe, mishale ikizunguka, na mwisho maneno WAKATI NI WETU. Serikali ilizipa droni hizo jina la Vimulimuli vya Taifa. Vimulimuli elfu nne vinakula umeme, na mazoezi yalikuwa ya wiki tatu, kwa hiyo umeme wa mitaa yote ya kusini mwa mji uliazimwa. Hilo ndilo neno lililotumika, kuazima, ili asije mtu akasema amenyang'anywa.

* * *

Barua ya kuwaita mafundi niliiandika mimi. Nilisema onyesho litaanza saa 2:00 usiku, kama tunavyoandika sote kwenye kadi za harusi. Mheshimiwa akaisoma na kalamu yake nyekundu mkononi, akafika kwenye neno "usiku", akalikata.

"Karani, sisi ni Wizara gani?"

"Ya Nuru na Hafla, Mheshimiwa."

"Neno usiku halitoki katika ofisi hii. Watu watadhani umeme umekatika."

"Umeme umekatika, Mheshimiwa." Tulikuwa tumefungua madirisha yote, na feni ilikuwa imelala.

"Ndiyo maana hatutaki wadhani."

Basi barua ikaenda imeandikwa saa 2:00, bila kichwa wala miguu. Mafundi wa watu hawajui habari zetu za kusoma saa kinyume na mshale. Kwao mbili ni mbili. Walijiuliza kama ni mbili ya alfajiri au ya baada ya chakula cha mchana, wakaona hakuna serikali yenye akili timamu itakayoita watu alfajiri, wakachukua ya mchana. Na mbili yao ya mchana, kwetu ni saa nane, jua likiwa limekaa utosini.

Kusema kweli walijitahidi. Walituandikia barua ya heshima, wakauliza, "Je, mmelifikiria suala la jua?"

Hapa lazima niseme kwa kinywa changu, maana wengine watasema kwa niaba yangu. Wizarani kwetu barua yoyote yenye neno "suala" ina jibu lake, limepigwa chapa tayari, nakala mia tano ziko kwenye droo. Sikufikiri. Nilichomoa moja, nikagonga muhuri, nikatuma: "Suala tajwa linashughulikiwa." Baadaye nilisikia mafundi wale walituogopa sana. Hawakuwahi kufanya kazi na serikali inayolishughulikia jua.

* * *

Alhamisi saa nane kamili mchana nilikuwa uwanjani nikihesabu viti. Watu walikuwa hawajafika, kwa sababu waliambiwa saa mbili na wao wanajua saa mbili ni lini. Mara nikasikia mvumo, nikainua macho, na Vimulimuli vya Taifa hivyo vinapanda, vyote elfu nne.

Mtaa wa Chekeleni, ulio nyuma ya uwanja, wanawake walikuwa wameanika dagaa juu ya mikeka. Walipoona wingu jeusi linainuka wakapiga kelele, "Nzige! Nzige!" Wakakusanya dagaa wao mbio, wengine wakagonga madebe. Mimi nilimkimbilia fundi mkuu, mgeni mrefu mwenye kofia, nikamwambia azishushe. Akanijibu kupitia mkalimani kwamba zikishapaa zinafuata zilichofundishwa, na zimefundishwa kukaa juu kwa muda wa saa moja na nusu. Akanionyesha juu kwa fahari. Aliniambia pale ni tabasamu la Mtukufu. Niliona vidoti na machozi yangu mwenyewe.

Mheshimiwa alifika na punje ya pilau kwenye tai. Alitazama juu. Akatazama Majira yake, nayo kwa uaminifu wake wote ilionyesha nane. Uso ulimshuka. Kisha akamshika fundi mgeni mkono, akaisoma saa yake ya kawaida, ile ya kikoloni, akang'aa.

"Hii hapa inasema mbili! Tulipanga mbili, na ni mbili. Kwa hiyo saa haijakosea. Kilichokosea ni mchana."

Wakuu waliokuwepo walikaa kikao cha dharura nyuma ya jukwaa, penye kivuli. Kilichukua dakika sita, na muhtasari niliuandika mimi. Amri ya Usiku wa Dharura ilisomwa redioni pale pale: kuanzia sasa, kwa muda wa saa moja na nusu, katika Jamhuri nzima, ni usiku, kila mwananchi atoke nje atazame mwanga, na yeyote atakayekutwa na kivuli atahesabiwa ameleta mchana kwa makusudi.

Enyi wasomaji, msione ni mchezo. Nchi ilitii. Mtangazaji alisema "Habari za usiku, wasikilizaji" kwa sauti ile nzito ya usiku. Walinzi wa usiku waliokuwa wamelala majumbani waliamshwa waende lindoni. Mchoma mishkaki wa pembeni mwa uwanja alilazimishwa kuwasha taa ya chemli. Shuleni watoto waliambiwa walaze vichwa juu ya madawati, na aliyekwisha kulala anyooshe kidole. Wezi, kwa upande wao, walibaki ndani wakisubiri mwongozo.

Askari walipita katikati ya watu wakiwainua videvu watazame juu. Mama mmoja alifungua mwavuli, akaulizwa anajikinga na nini, akajibu, "Na mwezi." Wakamwacha, maana hakukuwa na kifungu cha kumshtaki.

Mheshimiwa alipanda jukwaani jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. "Ndugu wananchi! Tazameni jinsi giza hili lilivyotulia! Katika weusi huu wa usiku wetu, nani haoni nuru ya Majira?" Hakuna aliyesema haoni. Watu walikuwa wameziba macho kwa viganja, na magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba wananchi walitokwa na machozi ya furaha. Kichwa cha habari kilikuwa USIKU ULIOTIA FORA.

Ningekuwa na akili ningeishia hapa, tukacheka, tukalala.

* * *

Kumbe Kampuni ya Majira ilikuwa imetoa ahadi, na ahadi ilishachapwa kwenye vipeperushi: mtoto wa kwanza kuzaliwa mjini wakati wa onyesho angepewa Majira Namba Moja. Ijumaa nikatumwa kumtafuta. Hospitali kubwa hazikuwa na mtoto wa muda huo, au zilikuwa naye na zikamficha, sijui. Jumamosi asubuhi nikafika zahanati ya Chekeleni, vyumba viwili na benchi, kwa mkunga anayeitwa Bi Mwanakheri.

Ni mama wa miaka karibu sitini, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Nilimkuta anachemsha mikasi kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa au unatoka serikalini?"

Nilimweleza. Akanawa mikono, akafungua kabati, akatoa daftari la uzazi, lile refu lenye jalada gumu la bluu. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Mama: Siwema Athumani. Mtoto: wa kike, kilo tatu. Saa ya kuzaliwa: saa nane na dakika ishirini mchana.

Nilikohoa. Nikasema, "Bibi, hapa pana kosa dogo. Kwa mujibu wa Amri, muda huo ulikuwa saa mbili na dakika ishirini usiku."

"Hapana kosa."

"Ni maneno mawili tu ya kubadilisha. Kalamu ninayo."

Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alirudisha kurasa nyuma, mbili tatu, akanigeuzia daftari nisome mwenyewe. Palikuwa pameandikwa: Mwajabu Rehani. Mtoto wa kiume, mzima. Saa nne usiku. Umeme hakuna. Mama amefariki.

"Hiyo ni wiki tatu zilizopita," alisema. "Wiki mlipoanza kuzijaribu hizo ndege zenu. Umeme mkauchukua. Nilimzalisha kwa mwanga wa simu ya mumewe, Makungu, kasimama hapo ulipo wewe. Mtoto akatoka vizuri. Kisha simu ikaisha chaji. Damu gizani ni nyeusi, mwanangu, huitofautishi na maji. Nilipapasa. Nilijua imezidi nilipoikanyaga."

Kwenye droo yangu sina jibu la hilo.

"Juzi Siwema naye akatoka damu vile vile," aliendelea. "Vile vile! Lakini jua lilikuwa dirishani, nikaiona inapoanza tu, nikafanya ninachojua kufanya. Yuko nyumbani kwake ananyonyesha. Sasa wewe unataka niandike kwamba Siwema alizaa usiku akapona? Mtu akisoma miaka ijayo atasema kumbe gizani wanapona, basi yule Mwajabu aliuawa na mkunga. Au atasema hata ile ya Mwajabu ni amri tu, ilikuwa mchana. Hili daftari ndilo pekee nchi hii linalojua lini palikuwa na giza. Nenda kawaambie siandiki."

Niliondoka na kalamu yangu. Nilikuwa na hasira, na mwanzoni nilidhani nina hasira na yeye.

* * *

Mheshimiwa hakukasirika kama nilivyotazamia. Alifurahi, na hilo lilinitisha zaidi.

"Daftari ni karatasi," alisema. "Magazeti nayo watu watayafungia maandazi. Lakini jina, karani! Jina mtu hulibeba miaka sabini. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa usiku anaitwa nani?"

"Chausiku, Mheshimiwa."

"Basi! Kila atakapoitwa sokoni, shuleni, siku ya harusi yake, watu watasikia kwamba Alhamisi ile ilikuwa usiku. Hatuhitaji ushahidi mwingine. Mtoto aitwe Chausiku, apewe saa, na daftari litasahihishwa hadharani, mubashara, na mkunga mwenyewe."

Nikaenda kwa Siwema na sanduku la mahameli. Siwema ni mshonaji wa sare za shule, kijana, ana maneno machache na sindano daima kwenye ukosi wa gauni. Mumewe, Mbaraka, anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba. Mtoto alikuwa amelala kwenye beseni lililotandikwa kanga. Nilifungua sanduku, dhahabu ikang'aa chumba kizima, na Mbaraka akaacha spana yake akaja mlangoni.

"Naitaka," alisema Siwema. "Nisikudanganye, kaka. Nani asiitake? Hii ni cherehani mpya mbili na bati za nyumba nzima."

"Basi ni jina tu, dada. Chausiku ni jina zuri."

"Zuri sana. Bibi yangu aliitwa Chausiku."

Nikaona mambo yamekwisha. Nikamweleza na upande wa pili, kama nilivyoagizwa: akikataa, mtoto hatapata cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna shule, hakuna kliniki, hakuna chochote, na Bi Mwanakheri atahamishiwa kisiwa ambacho hakina wajawazito.

Siwema alimfunika mwanawe kanga. Kisha akauliza, "Yule mtoto wa marehemu Mwajabu, yeye anaitwa nani?"

Sikujua. Mbaraka ndiye aliyejibu, "Bado hajapewa jina. Makungu anasema hajaweza."

Siwema akafunga sanduku, akanirudishia. "Jumatatu nitakuja," alisema. "Jina nitalisema mwenyewe."

* * *

Jumatatu saa nne asubuhi uwanja mdogo wa zahanati ulijaa. Kulikuwa na zulia jekundu kutoka barabarani mpaka kwenye chumba cha kuzalishia, kupitia juu ya mfereji wa maji machafu. Redio ya Taifa ilileta gari lake. Umeme ulirudishwa Chekeleni kwa muda wa sherehe, na watu wengi walikosa mwanzo kwa sababu walikimbilia nyumbani kupiga pasi. Mimi nilisimama karibu na meza yenye daftari, chini ya dirisha la zahanati, nikiwa na wembe na kalamu nyekundu, kwa ajili ya usahihishaji.

Mheshimiwa alihutubia dakika arobaini. Alisema usiku wa Alhamisi umeingia katika historia ya mchana. Alisema kuna nchi zilizotangulia kufika mwezini, lakini hakuna hata moja iliyowahi kumtuma mtu kufika usiku bila kusubiri. Kisha akamwita Siwema jukwaani na mtoto wake. Wakajaribu kumvisha mtoto ile saa mkononi, ikapita mkono mzima ikafika begani. Wakamzungushia kiunoni, ikaenea.

"Sasa mama," alisema Mheshimiwa, akamsogezea kipaza sauti, "liambie Taifa. Huyu malaika anaitwa nani?"

"Chamchana," alisema Siwema.

Mheshimiwa alicheka kidogo. "Mama amechoka. Cha...?"

"Chamchana. Chamchana binti Mbaraka. Nimemzaa saa nane na dakika ishirini mchana, jua limenipiga usoni, na ndilo lililoniponya." Akaivua ile dhahabu kiunoni mwa mwanawe, akaiweka kwenye kiti cha Mheshimiwa.

Watu hawakupiga makofi.

"Zimeni redio!" alinong'ona Mheshimiwa, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono wake nchi nzima. Fundi mitambo akasema kanuni hazimruhusu kuzima bila kibali cha maandishi. Anayeandika vibali ni mimi. Nilipapasa mifuko yangu yote, polepole, nikasema fomu nimezisahau ofisini.

Wakati huo Bi Mwanakheri alishafika mezani. Hakuniomba ruhusa. Alirekebisha miwani yake, akafungua daftari, akaanza kusoma mbele ya kipaza sauti cha pale mezani kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa. Alisoma jina, saa, na kama umeme ulikuwepo. Jumanne, saa tatu usiku, umeme hakuna, mama mzima, mtoto mzima. Jumatano, saa saba usiku, umeme hakuna, mtoto hakulia. Hakuongeza neno lolote ambalo halikuandikwa. Alipofika kwa Mwajabu Rehani alisoma kama alivyowasoma wengine.

Hapo mtu mmoja akapita katikati ya watu. Alikuwa mchimba visima, udongo umemkauka mpaka magotini, kitoto cha wiki tatu kimefungwa kifuani kwa kanga ya kike. Hakuna aliyemzuia. Alikanyaga zulia, akasimama chini ya jukwaa.

"Mheshimiwa," alisema Makungu, "mimi sikuja kugombana. Nina swali moja. Kama serikali inaweza kuufanya mchana ukawa usiku, ile saa nne ya mke wangu kwa nini hamkuifanya mchana?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Nimemwandikia hotuba miaka tisa, namjua. Alikuwa anatafuta aya. Haikuja. Akanigeukia mimi.

"Karani! Chukua daftari hilo. Kata kurasa. Kata zote!"

Wembe ulikuwa mkononi mwangu. Niliangalia lile jalada la bluu, nikaona aibu kuliko nilivyopata kuona maishani, aibu ya miaka yote tisa kwa mara moja. Nikaudondosha wembe kwenye ile sufuria ya mikasi ya Bi Mwanakheri, iliyokuwa jikoni pembeni yangu. Nikalichukua daftari, maana niliagizwa nilichukue, nikageuka na kumpa mama aliyekuwa amesimama dirishani. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Watakaosema nilitishwa au nililewa, waambieni niliyaandika haya kwa mkono wangu.

Yule mama akampa aliyekuwa nyuma yake. Huyo akampa mwingine. Askari waliruka dirisha, lakini daftari lilikwishafika kwenye geti, kisha kwa wauza dagaa, kisha hakuna aliyelijua liliko. Walipekua Chekeleni nzima mpaka chini ya vitanda. Kila nyumba walikuta mtu amekaa mlangoni ananakili kitu, juu ya daftari la mtoto la hesabu, nyuma ya kalenda, kwenye boksi la sabuni, na walipouliza anaandika nini, waliambiwa anaandika saa.

Usiku ule sikulala kwangu, na mahali nilipolala sitapataja. Mheshimiwa alitoa tamko kwamba daftari la Chekeleni ni la pekee, lina makosa, na zahanati nyingine zote za Jamhuri hazina tatizo lolote katika vitabu vyake. Kabla ya tamko hilo sidhani kama kuna mtu aliyekumbuka kwamba zahanati nyingine nazo zina vitabu.

Jumanne asubuhi kila zahanati nchini ilikuwa na foleni ndefu ya watu wasioumwa kitu. Wauguzi walipofungua milango na kuwauliza wanasumbuliwa na nini, walisema wamekuja kusoma.